Maswali ya Wasomaji: Mpira wa Meza kwa Wanaocheza Wamesimama

Katika toleo lililopita ukurasa huu uligusia, kwa aya mbili tu, mchezo wa mpira wa meza kwa wanamichezo wenye ulemavu wa viungo wanaocheza wakiwa wamesimama, na aya hizo mbili zimetuletea barua nyingi kuliko makala yoyote ndefu ya mwaka huu. Tumechagua nane. Majina tumeyaacha makusudi, kwa kuwa baadhi ya barua zinaeleza habari za afya za watoto. Anayejibu ni yule yule mliyemzoea, ambaye amekaa miaka mingi kwenye kiti cha mwamuzi pembeni ya wavu na ambaye bado hajazoea kuandika kwa kifupi.

*Mwanangu ana miaka 14. Alichomwa sindano ya makalio akiwa mchanga, na tangu hapo mguu wake wa kulia umekuwa mwembamba na unyayo unaning'inia. Shuleni anacheza mpira wa meza na anawashinda wenzake wenye miguu mizima. Mwalimu mmoja ameniambia kwamba atawekwa daraja la 10. Mwingine amesema ulemavu wake ni mdogo mno na hatakubaliwa kabisa. Nimsikilize nani? — Mama wa mchezaji, Morogoro*

Mama yetu, kwa jambo hili usimsikilize yeyote kati yao, kwa sababu hakuna mwalimu, daktari wa wilaya wala mwandishi wa ukurasa huu mwenye mamlaka ya kumpa mtoto daraja. Kazi hiyo hufanywa na jopo lililofunzwa na kuidhinishwa, ambalo kwa kawaida huwa na daktari, mtaalamu wa tiba ya viungo na mtu anayeujua mchezo wenyewe kwa ndani, na hufanywa kabla ya mashindano kuanza.

Madaraja yako kumi na moja. La 1 hadi la 5 ni ya wanaocheza kwenye viti vya magurudumu, la 6 hadi la 10 ni ya wanaosimama, na la 11 ni la wenye ulemavu wa akili. Kwa wanaosimama, kadiri namba inavyopanda ndivyo ulemavu unavyoathiri uchezaji kwa kiasi kidogo zaidi: daraja la 6 ni la wale ambao mikono na miguu yao imeathirika sana, na daraja la 10 ni la wale ambao athari yake ni ndogo, ingawa ipo na inapimika. Katikati humo mtu aliyekatwa mguu juu ya goti mara nyingi hujikuta daraja la 8, na aliyekatwa chini ya goti daraja la 9.

Jambo ambalo wazazi wengi hulikosea, na walimu pia, ni kudhani kwamba jopo hupima ugonjwa. Jopo halipimi ugonjwa. Hupima kile ambacho mwili unaweza na kile usichoweza kufanya mbele ya meza. Watoto wawili wenye mtindio wa ubongo wanaweza kuwekwa madaraja mawili yaliyo mbali, na mtu aliyeugua polio anaweza kukutana daraja moja na mtu aliyezaliwa na miguu kifundo, yaani nyayo zilizopinda kuelekea ndani. Sandra Paović wa Kroatia aliicheza Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008 akiwa mzima, akapata ajali ya gari mwaka uliofuata na kuumia uti wa mgongo, kisha akarudi mezani akiwa amesimama na kutwaa dhahabu ya daraja la 6 kwenye Paralimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Ukisikia kwamba mtu ameumia uti wa mgongo, fikra zako hukimbilia kwenye kiti cha magurudumu. Jopo lilimtazama yeye, si jina la jeraha lake.

Sasa tumrudie kijana wako. Sindano iliyogusa mshipa wa fahamu wa makalio huacha misuli ya mguu ikiwa dhaifu, na upungufu wa nguvu za misuli ni mojawapo ya aina za ulemavu zinazokubaliwa katika mchezo huu, pamoja na kukosa kiungo au sehemu yake, viungo visivyokunjuka, tofauti ya urefu wa miguu, ufupi wa kimo, na zile hali tatu zinazotokana na ubongo kushindwa kuiongoza misuli barabara. Maumivu peke yake hayamo katika orodha hiyo, hata yawe makali namna gani. Jopo litamlaza kitandani na kupima misuli mmoja mmoja kwa kipimo cha 0 hadi 5. Litamwomba asimame kwa vidole, kisha kwa visigino. Baadaye litampeleka mezani arudishe mipira ya karibu na ya mbali, na huenda likamfuatilia hata katika mechi zake za kwanza. Mimi nikiwa na mashaka kuhusu mchezaji mwenye unyayo unaoning'inia, huangalia kiatu chake kwanza: soli huwa imelika mbele, kwenye ncha, kwa sababu kila anapovuka hatua ya pembeni vidole huburura sakafu kabla ya mguu kutua. Kwenye mpira wa meza hatua hiyo ya pembeni ndiyo mchezo wenyewe.

Yawezekana akapewa daraja la 9 au la 10, na yawezekana pia akaambiwa kwamba hajafikia kiwango cha chini kinachotakiwa. Jibu hilo la pili huumiza, lakini halisemi kwamba hana ulemavu. Linasema kwamba ulemavu alionao hauathiri uchezaji wake kwa kiasi kilichowekwa. Kwa kuwa bado anakua, hata akikubaliwa huenda daraja lake likawekewa mwaka wa kupitiwa upya, nalo hilo ni jambo la kawaida. Kinachokupasa kufanya sasa ni kukusanya karatasi: maelezo ya daktari yanayotaja chanzo, tarehe, na vipimo vilivyofanyika. Na umwonye mapema kwamba mbele ya jopo acheze kwa uwezo wake wote, kwani mchezaji anayejilegeza makusudi ili apate daraja la chini, akigundulika, hufungiwa kwa miaka.

*Kanuni zinasema kwamba wakati wa kuanzisha pointi, mpira uwekwe kwenye kiganja kilichofunguliwa. Nina mwanafunzi aliyezaliwa bila mkono wa kushoto kuanzia chini ya kiwiko. Katika mashindano fulani ya shule mwamuzi alimnyima pointi nne mfululizo kwa sababu aliurusha mpira kwa mkono ule ule ulioshika raketi. Je, mwamuzi alikuwa na haki? — Mwalimu wa michezo, Nakuru*

Hakuwa na haki, Mwalimu, na nasema hivyo nikiwa upande wa waamuzi.

Kanuni ya kuanzisha kwa wachezaji wote ni hii: mpira utulie juu ya kiganja kilichonyooshwa, nyuma ya mstari wa mwisho na juu ya usawa wa meza, urushwe juu karibu wima, bila kusokotwa, upande angalau sentimita 16, upigwe ukiwa unashuka, na usifichwe kwa mwili wala nguo tangu mwanzo hadi unapopigwa. Lakini kanuni hiyo hiyo inampa mwamuzi ruhusa ya kulegeza masharti anaporidhika kwamba ulemavu wa mwili ndio unaomzuia mchezaji kuyatimiza. Ruhusa hii haikuandikwa kama fadhila, na mwamuzi anayeijua huitumia bila kuombwa mara mbili.

Hata hivyo kinacholegezwa ni lile sharti linalozuiwa na ulemavu, na mengine yote hubaki palepale. Mwanafunzi wako hana kiganja cha pili, basi sharti la kiganja limeondoka. Lakini hakuna kinachomzuia kuurusha mpira wima wala kuuacha uonekane, kwa hiyo hayo atayatimiza kama mtu mwingine yeyote. Wavu una kimo cha sentimita 15.25, nami huutumia kama rula: mpira uliopanda kidogo kupita kimo cha wavu umetimiza sentimita 16, na usiofika hapo haujatimiza, awe aliyeurusha ana mkono mmoja au miwili.

Njia ziko nyingi, na kila mchezaji mkubwa ana yake. Natalia Partyka wa Poland, aliyezaliwa bila kiganja na kigasha cha mkono wa kulia, huuweka mpira kwenye mkunjo wa kiwiko chake cha kulia, akaurusha kutoka hapo kwa mwendo mdogo wa bega, wakati raketi iko mkono wa kushoto. Bruna Alexandre wa Brazili, ambaye mkono wake wa kulia ulikatwa akiwa mtoto mchanga, huulaza mpira juu ya raketi yenyewe, akaurusha nayo na kuupiga nayo unaposhuka. Ndivyo alivyofanya mwanafunzi wako aliyenyimwa pointi nne. Naye Ibrahim Hamadtou wa Misri, aliyepoteza mikono yote miwili kwenye ajali ya treni akiwa na miaka 10, huishika raketi kwa meno. Huvua kiatu kimoja, akaubana mpira kwa vidole vya mguu, akautupa juu kwa kuinua mguu, kisha shingo yote ikageuka na kupiga. Alijaribu kwanza kuibana raketi kwapani, ikashindikana. Aliingia Paralimpiki kwa mara ya kwanza huko Rio akiwa na miaka 43, daraja la 6, akafungwa mechi zake zote mbili za mchezaji mmoja mmoja, na bado watu waliokuwa ukumbini ninaowajua wanasimulia mechi hizo kuliko za waliochukua medali.

Ushauri wangu ni mdogo: kabla ya mechi kuanza, wakati wa zile dakika mbili za kupasha mwili, mwanafunzi amwendee mwamuzi, amwonyeshe namna anavyoanzisha, na asubiri aitikie. Ukimwacha mwamuzi agundue mambo mechi ikiwa 3 kwa 2, ataogopa kuonekana anampendelea mtu, na mwamuzi mwenye woga huadhibu kila kitu.

*Kuna tofauti gani kati ya hawa na wale wa viti vya magurudumu? Je, mtu anaweza kuchagua? — Msomaji, Zanzibar*

Wa viti ndio waliotangulia. Mpira wa meza umo katika Paralimpiki tangu michezo ya kwanza ya Roma mwaka 1960, lakini wakati huo ulikuwa wa viti peke yake, na wanaosimama waliingia Toronto mwaka 1976, michezo ilipofunguliwa kwa waliokatwa viungo. Kanuni za wanaosimama ni zile zile za mpira wa meza wa kila siku, isipokuwa ulegezaji wa kuanzisha niliousema hapo juu. Za viti zina nyongeza zake, kwa mfano mpira wa kuanzisha ukitokea pembeni mwa meza hurudiwa. Mtu asiye na miguu anaweza kucheza akiwa kwenye kiti ingawa ana miguu bandia, lakini akishapangiwa daraja hawezi kukaa Jumatatu na kusimama Jumanne.

*Mchezaji wangu alimshinda mpinzani mwenye mguu bandia kwa kumpelekea kila mpira upande wa mguu ule. Wazazi waliokuwa wakitazama walizomea. Je, ni uungwana? — Kocha, Arusha*

Kocha, ni uungwana kamili, na wazazi wale walipaswa kuzomea kama angefanya kinyume chake. Mtu anayempelekea mpinzani mipira laini kwa kumwonea huruma amekwisha kumtoa mashindanoni bila kumwambia. Katika madaraja ya wanaosimama kila mmoja ana upande wake mgumu, na kila mmoja huujua wa mwenzake kabla hawajapeana mikono, hivyo nusu ya mchezo ni kuutafuta upande huo na nusu ya pili ni kuuficha wako.

Mtu mwenye mguu bandia wa juu ya goti, kwa mfano, huchelewa kurudi kutoka kwenye mpira mfupi ulioanguka karibu na wavu, kwa sababu goti la bandia halimsukumi kumrudisha nyuma. Kwa hiyo mpira mfupi kwanza, halafu mrefu wa haraka kwenye kona ile ile, humtesa kuliko mipira kumi ya nguvu. Lakini naye analijua hilo tangu zamani, na ndiyo maana utamkuta amesimama nusu hatua karibu zaidi na meza, uzito wote ukiwa juu ya mguu mzima, akiupiga mpira mapema unapopanda ili usimpe nafasi ya kukimbia. Mtu asiye na mkono mmoja hukosa kitu ambacho watazamaji hawakioni: ule mkono wa pili ndio unaomsawazisha anapozungusha kiuno, kwa hiyo baada ya mpigo mkubwa wa upande wa mkono mzima hubaki ameinama kwa muda wa kupepesa jicho, na hapo ndipo mpira wa upande wa pili unapomkuta. Mwenye mtindio wa ubongo naye anaweza kucheza vizuri sana hadi 9 kwa 9, ndipo misuli ikakaza kwa hofu ya mwisho wa seti. Kocha wake humfundisha kupumua na kufuta jasho kwa taulo kila pointi sita zinapotimia, kama kanuni inavyoruhusu, ili apate zile sekunde chache za kuulegeza mkono.

Silaha nyingine ni raba, yaani ule utando unaofunika raketi. Raketi zote zina sura mbili, moja nyeusi na nyingine ya rangi angavu, na sheria inaruhusu upande mmoja uwe na raba laini na mwingine uwe na raba ya vipele vilivyotokeza nje. Mchezaji asiyeweza kusogea mbali hupenda kuweka vipele virefu upande wa nyuma ya mkono, kwa kuwa raba hiyo huupunguza mpira kasi na kuurudisha mzunguko wake kinyume na alivyotarajia aliyeupiga. Mpinzani huona mwendo ule ule wa mkono, lakini mpira unaotoka mara umekatwa na kuzunguka kinyumenyume, mara hauzunguki kabisa, naye anajikuta yeye ndiye anayekimbia. Nimeona mzee mmoja wa daraja la 7, aliyesimama mahali pamoja kana kwamba amepandwa, akimzungusha kijana wa kuruka hadi kijana akaketi.

Waambie wazazi hao wakati mwingine wamtazame aliyeshindwa: je, yeye alilalamika?

*Natumia gongo mkono wa kushoto ninapocheza. Gongo likigusa meza au wavu, je, napoteza pointi? — Mchezaji, Kigoma*

Ndugu yangu, kanuni inahesabu kila unachovaa au kubeba kuwa ni wewe. Gongo likigusa wavu au vishikizo vyake mpira ukiwa mchezoni, pointi imekwenda. Likiisukuma meza ikasogea, pointi imekwenda vilevile. Likiigusa meza bila kuisogeza, hakuna kosa. Ila angalia kiganja cha mkono huo kisitue juu ya meza, kwa kuwa kugusa uso wa meza kwa mkono usioshika raketi ni kosa lenye kanuni yake. Badilisha raba ya chini ya gongo kabla haijalika, na sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kwa kuwa vumbi la saruji linateleza kama mafuta.

*Kama wapo wanaoweza kuwashinda wasio na ulemavu, kwa nini hawaendi Olimpiki? — Msomaji, Mombasa*

Wanakwenda. Partyka niliyemtaja alianza Paralimpiki huko Sydney mwaka 2000 akiwa na miaka 11, akachukua dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja ya daraja la 10 Athens, Beijing, London na Rio, mara nne mfululizo. Mwaka 2008 aliichezea Poland Olimpiki ya Beijing kisha Paralimpiki ya mji huo huo majuma machache baadaye, na Olimpiki tatu zilizofuata hakukosekana. Melissa Tapper wa Australia, ambaye mishipa ya bega iliumia wakati wa kuzaliwa, alicheza michezo yote miwili Rio mwaka 2016, na Bruna Alexandre akafanya hivyo Paris mwaka 2024.

Swali lako, hata hivyo, lina dhana ndani yake ambayo ningependa tuitazame. Watatu hao wote ni wa daraja la 10, na wote ulemavu wao uko kwenye mkono usioshika raketi au umeathiri kiasi ambacho mazoezi yanaweza kukifidia. Mtu wa daraja la 7 hatakwenda Olimpiki, lakini hilo halimaanishi kwamba anacheza mchezo mdogo. Will Bayley wa Uingereza, aliyezaliwa na viungo vilivyokakamaa vya mikono na miguu, alipochukua dhahabu ya daraja hilo Rio aliruka akapanda juu ya meza kwa furaha, na mwamuzi akamwonyesha kadi ya njano. Kadi ilikuwa halali. Nami ningeitoa, kisha ningegeuka upande wa pili nicheke.

*Nilitazama mechi za wawili wawili za Paris kwa simu nikaona mchezaji wa daraja la 8 akicheza pamoja na wa daraja la 10. Si wamechanganywa? — Msomaji, Bujumbura*

Wamejumlishwa, hawakuchanganywa. Paris ilikuwa na mashindano 31 ya mpira wa meza, na kumi kati ya hayo yalikuwa ya wawili wawili, ambayo hupangwa kwa jumla ya namba za madaraja ya wachezaji hao. Kundi la wanaume la 18 hukubali jozi yoyote ambayo jumla yake haizidi 18: wa 8 na wa 10, au wa 9 wawili. Kundi la wanaume la 14 hukubali wa 7 wawili, au wa 6 na wa 8. La mchanganyiko wa mwanamume na mwanamke kwa wanaosimama lilikuwa la 17, na la wanawake lilifika 20, yaani wa daraja la 10 wawili. Utamu wake ni kwamba wanaosimama hulazimika kupokezana mipigo, kama kwenye wawili wawili wa kawaida, kwa hiyo yule mwenye miguu mizito hana mahali pa kujificha: zamu yake ikifika, lazima mwenzake awe amekwisha kumpisha njia.

*Tuna vijana sita wenye ulemavu wa viungo wanaotaka kuanza. Hatuna meza wala fedha, na hatujui tuanzie wapi. — Kikundi cha vijana, Tabora*

Tutenganishe mambo mawili, meza na safari, kwa kuwa la kwanza mnaliweza wenyewe.

Safari ni ndefu. Mchezaji hajiandikishi mwenyewe kwenye mashindano ya kimataifa. Hupelekwa na chama cha taifa cha mpira wa meza kwa kushirikiana na kamati ya Paralimpiki, kwa hiyo andikeni barua kwa vyote viwili mapema, mkiambatisha karatasi za hospitali. Upangaji wa madaraja wa kimataifa hufanyika kwenye baadhi ya mashindano tu, na kwa mtu wa kwetu hilo maana yake ni nauli kabla ya kujua hata kama utakubaliwa. Sioni uzuri wowote katika mpango huo kwa nchi zisizo na fedha, na nimekwisha kuusema mbele ya wahusika. Barani Afrika walioweza kuvuka kizingiti hicho kwa wingi ni Misri na Nijeria. Faith Obazuaye wa Nijeria, kwa mfano, alipata medali ya fedha ya wanawake wanaosimama kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham mwaka 2022.

Meza ni urefu wa mita 2.74, upana wa mita 1.525 na kimo cha sentimita 76. Fundi seremala yeyote mwenye mbao mbili za plaiwudi nene anaweza kuitengeneza kwa vipande viwili vinavyokutana chini ya wavu, mkaipaka rangi nzito isiyong'aa na mistari myeupe. Mwambieni miguu ya meza aiingize ndani angalau sentimita 40 kutoka ukingo wa mwisho. Nyinyi mnaosimama hamuihitaji nafasi hiyo, lakini siku akija mwenzenu wa kiti magoti yake yatapita. Acheni nafasi ya kutosha nyuma ya kila upande, na msiiweke chini ya mwembe, kwa kuwa mpira wa plastiki wa milimita 40 una uzito wa gramu 2.7 tu na upepo mdogo unauchukua.

Kabla hamjamlipa fundi, mpimeni kazi yake kwa njia ambayo kanuni yenyewe inaitaja: achieni mpira mzuri uanguke kutoka kimo cha sentimita 30, nao urudi juu kiasi cha sentimita 23. Fanyeni hivyo katikati, kwenye kona zote nne, na mahali ambapo ubao haukushikwa na fremu. Ukirudi 23 kote, mlipeni mkaanze kucheza jioni ile ile. Ukirudi 15 kwenye kona moja, kuna pengo chini ya ubao, na arudi na misumari yake.